Namba sita za mwaka mmoja: uchambuzi wa kisa cha darasa lililosoma habari za joto la 2024

Muktadha

Kisa hiki ni cha darasa la sekondari lenye wanafunzi wapatao arobaini, wa umri wa miaka 14 hadi 16. Walimu walikuwa wawili, mmoja wa sayansi na mwingine wa jiografia, wakishirikiana kufundisha mada moja. Majina, shule na mahali vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa.

Shule ilitenga vipindi viwili vya dakika 40 kila mwezi kwa ajili ya habari za sayansi na mazingira. Utaratibu ulikuwa mwepesi: wanafunzi wanaleta habari waliyoisoma au kuisikia, mwalimu anafafanua sayansi iliyo ndani yake, kisha darasa linajadili nini kifanyike. Kwa habari za kimbunga, mlipuko wa ugonjwa au chombo kilichorushwa angani, utaratibu huo ulitosha, kwa sababu vyombo vyote vya habari husimulia tukio lile lile.

Mnamo tarehe 10 Januari 2025 mashirika makubwa yanayopima joto la dunia yalitangaza kwa pamoja matokeo ya mwaka 2024. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilisema ndio mwaka wenye joto kubwa kuliko yote tangu vipimo vianze, na kwamba wastani wa joto duniani ulizidi ule wa miaka 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima wa kalenda ulivuka nyuzi 1.5, namba inayotajwa katika Mkataba wa Paris wa 2015, makubaliano ya nchi za dunia kuhusu tabianchi. Habari ilienea kila mahali, nayo iliigusa mada ya mabadiliko ya tabianchi iliyomo katika mitaala ya masomo yote mawili. Walimu waliichagua bila kusita.

Mpango wao ulikuwa kutumia kipindi cha kwanza kueleza kwa nini dunia inapata joto, na cha pili kujadili hatua za kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani. Kipindi cha kwanza hakikufika hata nusu ya kazi iliyopangwa.

Kipindi cha kwanza: ubao ulijaa namba

Darasa liligawanywa katika vikundi vinane. Kila kikundi kiliandika ubaoni namba kuu iliyotajwa na habari yake. Ndani ya dakika kumi ubao ulikuwa na 1.28, 1.29, 1.47, 1.55, 1.6, 0.72, 15.1 na 2.3. Kila moja ilielezwa kuwa ndiyo joto la mwaka 2024, au kiasi ambacho dunia imepata joto.

Mwanafunzi mmoja aliuliza ni ipi iliyo sahihi. Mwalimu wa sayansi akajibu kwamba zote ni sahihi, zinatofautiana kidogo tu kwa kuwa ni makadirio. Jibu hilo lilikuwa la kweli kwa sehemu, lakini darasani lilileta madhara. Kutoka 0.72 hadi 1.6 si tofauti ndogo kwa mtoto aliyefundishwa kwamba kosa la desimali moja linamnyima alama. Wanafunzi wawili wakasema waziwazi kwamba basi wanasayansi wanakisia, na sauti nyingi zikaunga mkono.

Mambo yakazidi kuharibika kwa ile 2.3. Kikundi kilichoileta kiliisoma katika habari ya Marekani, ambako nyuzi ni za Farenhaiti. Wakatumia kanuni waliyojifunza: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Wakapata hasi 16.5. Kwa hesabu yao dunia ilikuwa imepoa kwa zaidi ya nyuzi 16. Wenzao walicheka, nao wakaona aibu, na mjadala ukahama kutoka sayansi kwenda kwenye nani kakosea hesabu. Kengele ikalia.

Uamuzi wa kusimamisha mpango

Jioni hiyo walimu walipima njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kufuta namba zote na kubaki na 1.55 ya WMO, kisha kuendelea na mjadala wa hatua kama ilivyopangwa. Ingeokoa muda, ila waliikataa kwa sababu wanafunzi wangekutana na namba zile zile kwenye simu zao jioni hiyo hiyo, safari hii bila mtu wa kuwafafanulia. Namba iliyofichwa na mwalimu ndiyo hugeuzwa ushahidi kwamba kuna jambo linafichwa.

Ya pili ilikuwa kuandaa mdahalo wa pande mbili, wanaoamini na wasioamini. Hii nayo waliikataa, na walifanya vyema. Mashirika sita yanayopima joto la dunia hayabishani kama dunia inapata joto. Yanatofautiana kwa sehemu za mia za nyuzi. Mdahalo wa pande mbili ungewafundisha wanafunzi kwamba kuna mgawanyiko usiokuwepo, na mshindi angekuwa mwenye ulimi mwepesi.

Njia ya tatu, waliyoichagua, ilikuwa kuifanya tofauti ya namba kuwa somo lenyewe. Kila namba ifuatwe hadi ilikotoka, na ijulikane imepimwa kuanzia wapi. Hilo lilihitaji vipindi vitatu zaidi. Walivipata kwa kuahirisha mada moja ya jiografia na kutumia kipindi kimoja cha mwezi uliofuata.

Kipindi cha pili: kila namba na miaka yake ya msingi

Maandalizi yalichukua saa mbili hivi. Mwalimu wa sayansi alifungua taarifa za awali za mashirika yenyewe, akazichapa, akaandika tarehe juu ya kila karatasi. Kuchapa kuna sababu: tovuti hurekebishwa, na wanafunzi wawili wakifungua ukurasa mmoja kwa siku tofauti wanaweza kukuta maneno mawili tofauti.

Kila kikundi kilipewa jedwali tupu lenye safu tano: namba, shirika lililopima, kizio, miaka ya msingi, na muda unaozungumziwa. Miaka ya msingi ni ile ambayo wastani wake umewekwa kuwa sifuri, na joto la mwaka mwingine huhesabiwa kutoka hapo. Mfano uliotumika kuieleza ulikuwa wa urefu wa mtoto: amekua sentimita 5 tangu mwaka jana na sentimita 40 tangu aanze shule. Namba mbili, mtoto mmoja, na hakuna aliyedanganya.

Kabla ya kujaza jedwali, mwalimu alimaliza suala la Farenhaiti kwa dakika tano. Aliandika joto la maji katika vyombo viwili: nyuzi 20 na 30 za Selsiasi, ambazo ni 68 na 86 za Farenhaiti. Tofauti ni 10 kwa kipimo kimoja na 18 kwa kingine, na 18 mara 5 gawanya kwa 9 ni 10. Ile 32 hutolewa unapobadili joto lenyewe, kwa sababu sifuri za vipimo hivyo viwili haziko mahali pamoja. Unapobadili tofauti kati ya joto mbili, 32 imeshajiondoa yenyewe. Kikundi kilichoaibika ndicho kilichoitwa ubaoni kupiga hesabu upya: 2.3 mara 5 gawanya kwa 9, jibu 1.28. Namba hiyo ilikuwa tayari imeandikwa ubaoni na kikundi kingine. Hapo ndipo darasa lilipoanza kuamini kwamba namba hizi zina ukoo.

Jedwali lilipojaa lilionyesha haya. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, hutumia miaka ya msingi ya 1951 hadi 1980, na kwa msingi huo mwaka 2024 ulizidi kwa 1.28. NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, ilitaja 1.29 juu ya wastani wa karne yote ya 20. Ukizirudisha zote mbili kwenye miaka ya 1850 hadi 1900, NASA inakuwa 1.47 na NOAA 1.46. Huduma ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya ilitoa namba tatu kwa mwaka mmoja: wastani halisi wa joto la dunia ni 15.10; umezidi wastani wa 1991 hadi 2020 kwa 0.72, na umezidi ule wa 1850 hadi 1900 kwa 1.60. Wanafunzi walipewa kazi ya kutafuta pengo kati ya miaka hiyo miwili ya msingi. Jibu ni 0.88, nalo lina uzito wake: hicho ndicho kiasi ambacho dunia ilikuwa imeshapata joto kati ya mwisho wa karne ya 19 na wastani wa miaka ya karibuni. Mwandishi wa habari anayetaja 0.72 peke yake hajasema uongo, lakini msomaji asiyejua msingi wake anabaki na chini ya nusu ya picha.

Namba nane za ubaoni zilikuwa zimepungua hadi kuwa familia moja. Zilibaki sita zenye msingi mmoja, ambazo mwalimu alizikamilisha kwa kuongeza mashirika ambayo hayakuletwa na kikundi chochote. Sita hizo ni NOAA 1.46, NASA 1.47, Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza 1.53, ya Japani 1.57, Copernicus 1.60 na Berkeley Earth, kundi la utafiti la Marekani, 1.62. Kila kikundi kilichora mstari wa namba kutoka 1.40 hadi 1.70, kikaweka nukta sita, kisha kikapaka rangi eneo la makadirio ya WMO, yaani 1.55 jumlisha au toa 0.13, kutoka 1.42 hadi 1.68. Nukta zote sita ziliangukia ndani.

Zinatofautiana kwa nini? Hapa mwalimu alijibu kwa undani, na ndicho kipande chenye thamani kubwa kuliko vyote katika mfululizo huu. Vituo vya hali ya hewa havikutapakaa sawasawa. Karibu na ncha za dunia ni vichache, na kila shirika lina njia yake ya kujaza mapengo. Joto la uso wa bahari katika karne ya 19 lilipimwa na mabaharia kwa maji yaliyotekwa kwa ndoo. Baadaye likapimwa kwenye maji yanayoingia kupoza injini, na sasa hupimwa kwa maboya. Kila badiliko la njia linahitaji masahihisho. Hivyo sehemu kubwa ya tofauti inatoka kwenye miaka ya 1850 hadi 1900 yenyewe, ambayo vipimo vyake ni haba, wala si kwenye mwaka 2024 uliopimwa vizuri na wote. Wanafunzi walidhani shaka iko kwenye sasa, kumbe iko kwenye zamani.

Mwanafunzi mmoja alikokotoa wastani wa zile sita akapata 1.54, akauliza WMO iliipataje 1.55. WMO huanza kwa kuziweka takwimu zote kwenye miaka ya msingi ya karibuni, ambapo zinakubaliana zaidi, kisha huongeza kiasi kimoja kwa zote ili kufika kwenye karne ya 19. Swali la namna hiyo halikuwezekana kipindi kilichotangulia.

Kipindi cha tatu: je, Mkataba wa Paris umevunjika?

Habari kadhaa zilikuwa na vichwa vilivyosema kikomo cha Paris kimevukwa. Kifungu cha 2 cha mkataba kinazungumzia kuzuia ongezeko la wastani wa joto la dunia lisifike nyuzi 2, na kufanya juhudi liishie 1.5. Ongezeko hilo huchukuliwa kuwa la muda mrefu, kwa kawaida wastani wa miaka 20 hivi, kwa sababu mwaka mmoja hupandishwa au kushushwa na mambo ya kupita.

Badala ya kulitamka tu, mwalimu aliwapa takwimu za NASA za miaka kumi, kwa msingi wa 1951 hadi 1980: 0.90 kwa 2015, kisha 1.01, 0.92, 0.85, 0.98, 1.02, 0.85, 0.89, 1.17, na 1.28 kwa 2024. (Takwimu hizi hurekebishwa mara kwa mara kwa sehemu ya mia, kwa hiyo darasa zima litumie karatasi iliyochapwa siku moja.) Jumla ni 9.87 na wastani 0.99. Ukiongeza 0.19, ambayo ni pengo la NASA kati ya miaka yake ya msingi na karne ya 19, unapata 1.18.

Hesabu ilikwenda vizuri. Tafsiri yake ndiyo iliyoteleza. Darasa lilipumua kwa nafuu: kumbe ni 1.18, bado tuko mbali. Kikundi kimoja kiliandika kwenye daftari kwamba vyombo vya habari vimetia chumvi. Kipindi kikaisha watoto wakiwa wametoka kwenye shaka na kuingia kwenye utulivu usio na msingi.

Kilichokosekana ni jambo moja. Wastani wa 2015 hadi 2024 hauzungumzii mwaka 2024. Unazungumzia katikati ya miaka hiyo, yaani karibu mwanzo wa 2020. Dunia ikiwa inapata joto kwa takriban nyuzi 0.2 hadi 0.27 kila miaka kumi, nusu ya muongo inaongeza 0.10 hadi 0.13. Jumlisha na 1.18 unafika karibu 1.3. Taarifa ya WMO ya Machi 2025 iliweka ongezeko la muda mrefu kati ya 1.34 na 1.41. Sahihisho hili lilitolewa mwanzoni mwa kipindi kilichofuata, siku mbili baadaye. Lilichukua dakika nane, lakini kwa baadhi ya wanafunzi ile 1.18 ilikuwa imeshaganda, na ilijitokeza tena kwenye zoezi la mwisho.

Kipindi cha nne: El Niño, jua na swali la mwisho

Habari moja iliyoletwa na kikundi ilidai kwamba joto la 2024 lilisababishwa na El Niño (kipindi ambacho maji ya Pasifiki karibu na ikweta hupata joto kuliko kawaida), hivyo halihusiani na binadamu. Dai hili lina ukweli ndani yake, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. El Niño iliyoanza katikati ya 2023 kweli iliongeza joto.

Mwalimu wa jiografia alipendekeza jaribio la kalamu na karatasi: linganisha miaka ya El Niño kwa El Niño, na ya La Niña, hali ya kinyume, kwa La Niña. Kwa takwimu za NASA, miaka iliyopandishwa na El Niño ni 1998 (0.61), 2016 (1.01) na 2024 (1.28). Miaka ya La Niña, ambayo hupoza dunia, ni 2000 (takriban 0.4), 2008 (0.54) na 2021 (0.85). Ngazi zote mbili zinapanda. Lililowagusa zaidi ni kulinganisha ngazi moja na nyingine: mwaka 2021, uliopozwa, ulikuwa na joto kubwa kuliko 1998, mwaka wa El Niño kali sana. El Niño inaeleza kwa nini mwaka fulani unachomoza juu ya jirani zake. Haielezi kwa nini ngazi nzima inapanda.

Karatasi hiyo hiyo iliwawezesha kuona hila ya kuchagua mwaka wa kuanzia. Ukiunganisha nukta ya 1998 na ya 2008 kwa mstari mmoja, mstari unashuka. Ukiuanza 1990 au kuusogeza hadi 2024, unapanda. Walichora zote mbili.

Swali la jua lilijibiwa kwa kifupi: kama jua ndilo lingekuwa chanzo, tabaka la juu la angahewa nalo lingepata joto; vipimo vinaonyesha tabaka la juu linapoa huku la chini likipata joto, alama inayolingana na ongezeko la gesijoto. Kiasi cha hewa ukaa kilikuwa karibu sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, karibu 315 mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kupima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, na zaidi ya 420 mwaka 2024.

Zikabaki dakika sita. Mwanafunzi aliyekuwa kimya tangu siku ya kwanza akauliza: tumeshachelewa? Mwalimu hakuwa na nafasi ya kujibu inavyostahili. Alitaja haraka kwamba kila sehemu ya kumi ya nyuzi ina uzito, kisha kengele ikalia. Baadaye mwalimu mwingine alieleza kwamba wanafunzi kadhaa walikuwa wakisema hakuna haja ya kuhangaika na masomo.

Matokeo

Zoezi la kumalizia lilitolewa wiki mbili baadaye kwa habari ambayo hawajaiona, kuhusu kina cha bahari. Ilikuwa na namba tatu: sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, sentimita 0.59 ndani ya mwaka 2024, na milimita 4.7 kwa mwaka katika miaka ya 2015 hadi 2024. Waliulizwa kama namba hizo zinapingana, na ni swali gani wangemuuliza mwandishi.

Wengi walisema hazipingani na wakataja muda wa kila moja. Karibu wote walibadili sentimita kuwa milimita kabla ya kulinganisha, jambo ambalo mwanzoni lingewashinda. Wachache zaidi waliweza kueleza kwa nini mwaka mmoja hautoshi kuonyesha mwelekeo. Kosa lililorudi mara nyingi lilikuwa kuchanganya jumla na kasi: waliona 20 kubwa kuliko 0.59, wakahitimisha kwamba bahari ilipanda haraka zaidi zamani, bila kugawanya 20 kwa miaka 117, ambayo ingewapa takriban milimita 1.7 kwa mwaka.

Swali la chanzo lilifanywa vibaya kuliko yote. Wanafunzi wengi waliandika intaneti, au jina la programu waliyosomea habari.

Uchambuzi

Jedwali la safu tano ndilo lililobeba kazi yote. Nguvu yake ni kwamba linamzuia mwanafunzi kusema namba bila mkia wake. Safu ya miaka ya msingi ilipojazwa, malalamiko ya kukisia yalikoma yenyewe bila mwalimu kuwasihi watoto wawaamini wanasayansi. Kuwasihi kusingesaidia, waliamini walipoona 2.3 imegeuka 1.28 mikononi mwao.

Kuachilia wanafunzi walete habari yoyote kulifungua mlango wa somo zuri, lakini ni bahati iliyoweza kwenda kombo. Siku ya kwanza namba nane zilikuwa nyingi kupita kiasi. Tatu zinatosha kuzua swali: mbili zenye miaka tofauti ya msingi, na moja ya kizio tofauti. Zilizobaki ziingizwe siku ya pili, swali likiwa tayari limekaa vichwani.

Jibu la "zote ni sahihi" linastahili kuangaliwa kwa makini, maana hutolewa na walimu wengi wenye nia njema. Linamwacha mwanafunzi bila chombo cha kukagua. Jibu linalofaa mbele ya ubao uliojaa namba ni swali: hii imepimwa kuanzia wapi? Hata kama mwalimu mwenyewe hajalijua jibu wakati huo, swali linaonyesha njia.

Kosa la kipindi cha tatu lilitokana na kupanga hesabu bila kupanga hitimisho. Zoezi lolote la wastani wa muda mrefu katika mwenendo unaopanda linatoa namba iliyo nyuma ya wakati. Hilo lisemwe ndani ya dakika zile zile ambazo namba inapatikana, kabla daftari hazijafungwa. Njia rahisi ni kuwataka waweke nukta ya wastani kwenye grafu: iende juu ya mwaka gani? Wakilazimika kuiweka katikati, kati ya 2019 na 2020, kuchelewa kunaonekana kwa macho.

Upungufu mzito kuliko wote ulikuwa kuacha swali la hofu mwishoni. Habari za tabianchi zinawahusu watoto hawa kwa miaka mingi ya maisha yao, na wanalijua hilo. Swali lao litakuja, na litakuja dakika za mwisho kwa sababu linahitaji ujasiri. Majibu yenye ushahidi yapo. Ripoti ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba kwenye nyuzi 1.5 matumbawe yangepungua kwa asilimia 70 hadi 90, na kwenye nyuzi 2 kwa zaidi ya asilimia 99. Habari hiyo ni nzito, lakini inabomoa wazo kwamba tukishavuka mstari mmoja kila kitu kimekwisha: kati ya 1.5 na 2 kuna matumbawe ya kuokolewa au kupotezwa. Pia upo mfano wa tabaka la ozoni, linaloikinga dunia na miale hatari ya jua. Tundu juu ya Antaktika liliripotiwa mwaka 1985, Itifaki ya Montreal ya kuzuia kemikali zinazoharibu tabaka hilo ikatiwa saini 1987, na sasa tabaka hilo linatarajiwa kurudi katika hali ya 1980 juu ya Antaktika karibu mwaka 2066. Mfano huu ukitumika, lisemwe wazi kwamba tundu la ozoni silo linaloleta ongezeko la joto. Mchanganyo huo ni wa kawaida sana, na ulionekana katika madaftari ya darasa hili pia.

Kuhusu chanzo, walimu walifuatilia namba wenyewe usiku na kuwaletea wanafunzi karatasi zilizokwisha chapwa. Iliokoa muda, ila ndiyo sababu wanafunzi hawakujifunza kufuatilia. Hawakuwahi kuona safari ya kutoka kichwa cha habari hadi taarifa ya shirika.

Mpangilio unaopendekezwa kwa atakayerudia

Vipindi vinne vya dakika 40 vinatosha vikipangwa hivi. Cha kwanza: habari tatu zilizochaguliwa na mwalimu, swali la namba ipi ni sahihi, na dakika 15 za kufuatilia namba moja hadi chanzo chake, mwalimu akionyesha kila hatua mbele ya darasa. Cha pili: jedwali na mstari wa namba. Cha tatu: wastani wa miaka kumi, nukta kwenye grafu, na ulinganisho wa El Niño na La Niña. Cha nne chote kiwe cha nini kinawezekana kufanywa, na swali la hofu liulizwe na mwalimu mwenyewe dakika ya kwanza, ili asiwepo mtoto anayelazimika kulibeba peke yake hadi kengele.

Mwalimu wa hisabati ashirikishwe mapema. Wanafunzi waliochoka kwenye kujumlisha desimali kumi walikosa hoja kwa sababu walibaki nyuma kwenye hesabu. Wapewe jumla tayari, wao wagawanye na kutafsiri. Na kwenye zoezi la mwisho liongezwe swali moja ambalo darasa hili halikuulizwa: shirika moja linasema 1.47 na lingine 1.60, kila moja likiwa na ukingo wake wa makosa, je, yanapingana? Mstari wa namba wa kipindi cha pili uliwaandaa vizuri kulijibu, na lingepima kama ule mchoro uliingia akilini au ulibaki rangi kwenye karatasi.